Watano kutoka Dar kwenda Cape Town Cycle Tour, Machi 2027: twende pamoja au kila mtu na mwendo wake?

MwekaHazina_Mwenge

Habari za jioni wakuu.

Sisi ni kundi dogo la waendesha baiskeli. Tunakutana Mwenge kila Jumamosi alfajiri kabla magari hayajajaa, tunakwenda Bunju na kurudi, na siku tukijisikia vizuri tunafika mpaka Bagamoyo. Watano kati yetu tumedhamiria kwenda Cape Town Cycle Tour, zile mbio za baiskeli za Afrika Kusini, ya Machi 2027. Mchango umeshaanza, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mfuko, kwa hiyo maswali yote yananiangukia.

Nieleze tulivyo ili mnishauri vizuri. Wawili wetu wana kasi kweli, wamezoea mbio, na wanataka muda mzuri. Mimi na jamaa mwingine tuko katikati. Wa tano ni shemeji yangu. Ana miaka 51, alianza baiskeli baada ya daktari kumwonya kuhusu sukari, na tangu hapo hajakosa Jumamosi. Mwendo wake ni wa taratibu, ila hachoki na halalamiki. Ndiye aliyeleta wazo la safari, na ndiye aliyetoa mchango wa kwanza.

Nataka kujua: je, tubebe baiskeli zetu au tukakodi huko? Tunafungaje baiskeli kwa ndege bila kuvunjika? Upepo wa Cape Town unaosemwa sana tunaufanyiaje mazoezi hapa Dar? Yule jamaa wa katikati anafunga Ramadhani, na kwa hesabu zetu mwezi utakuwa umeisha karibu sana na mbio. Halafu lipo hili linaloninyima usingizi: siku yenyewe tuendeshe pamoja au kila mtu ashike njia yake? Wale wawili hawajasema wazi, lakini naona kwenye grupu la WhatsApp wameanza kuhesabu dakika. Shemeji naye kanyamaza.

Naomba aliyewahi kwenda na wenzake anieleze.

---

MamaGia_Arusha

Kaka Mweka Hazina, salaam kutoka Arusha. Sisi tulikwenda wanne. Swali lako la mwisho mimi ningeliweka la kwanza, kwa sababu majibu ya yale mengine yanalitegemea.

Kabla hujanunua hata tiketi moja, waite wote watano, wakae chini, waambiane ukweli: hii ni safari ya kundi, au ni watu watano wanaopanda ndege moja? Zote mbili ni safari halali na zote zinapendeza. Kinachovunja urafiki ni pale wengine wanapokwenda kwa nia hii na wengine kwa nia ile, halafu mkaja kujuana mkiwa kwenye mstari wa kuanzia.

Nikueleze mbio zenyewe zinavyoanza, maana hapo ndipo wageni wengi hushtuka. Watu hawaanzi wote kwa mpigo. Wanagawanywa katika makundi, na kila kundi linaachiwa baada ya jingine kwa masaa kadhaa asubuhi. Anayetangulia anapangwa kwa matokeo yake ya mbio ambazo waandaaji wanazitambua. Sisi wa kutoka nje tusio na matokeo hayo tunaangukia nyuma, na kuanza nyuma maana yake ni jua kali zaidi na mara nyingi upepo mkali zaidi. Sasa wale wawili wakiwa na matokeo yao na shemeji hana, wataanza mbali kabisa na yeye. Utaratibu unamruhusu wa mbele kurudi nyuma aanze na wenzake, ila wa nyuma haruhusiwi kwenda mbele. Kwa hiyo mkitaka kuanza pamoja, wale wawili ndio watakaoshuka hadi kwa shemeji. Waulizeni sasa hivi, hapo Mwenge, mkiwa mnakunywa chai baada ya mazoezi. Wakikataa, wamekataa kwa heshima na mapema, na shemeji atajipanga.

Jambo moja nakuomba sana usilikubali: ile ahadi ya "tutasubiriana njiani". Kuna makumi ya maelfu ya waendeshaji pale, wote wamevaa helmeti na miwani, barabara inateremka na kupinda. Humwoni mtu. Utasimama pembeni Simon's Town ukimngoja aliyekwisha kupita. Ama mnakaa gurudumu kwa gurudumu tangu mwanzo, au mnaagana mwanzoni na kukutana baada ya mstari wa kumalizia, mahali ambapo mlipachagua na kupaona kwa macho yenu siku ya kuchukua namba.

Sisi tuliamua kukaa pamoja. Wa taratibu kwetu alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, mama wa makamo. Alikuwa akishika gurudumu la pili. Wenye nguvu walipokezana mbele kukata upepo, na mmoja alikaa nyuma yake kabisa ili asipitwe na kusukumwa na makundi ya kasi. Aliyekuwa mbele hakutazama saa ya mwendo hata kidogo, alisikiliza nyuma. Mwalimu akiwa anaongea, tuko sawa. Mwalimu akinyamaza, punguza. Utaratibu huo tuliufanyia mazoezi huku kwetu barabara ya Moshi mpaka ukawa tabia, kwa sababu mwenye miguu mizuri akikaa mbele huongeza kasi bila kujua, hasa akiona wengine wanampita.

Hesabu ya muda isiwatishe. Mzunguko ni kilomita 109 na muda wa juu ni masaa 7. Ukigawanya unapata kama kilomita 15 na nusu kwa saa, kusimama kwa maji kukiwemo. Shemeji yako anayefika Bagamoyo na kurudi tayari amepita umbali huo. Ambacho Dar haijampa ni milima. Baada ya Simon's Town mnapanda Smitswinkel. Baadaye kuna Chapman's Peak, ile barabara iliyochongwa ubavuni mwa jabali juu ya bahari, iliyokamilika 1922. Mkishashuka Hout Bay, mkidhani mmemaliza, inakuja Suikerbossie. Si ndefu, ni kama kilomita mbili, lakini unaikuta ukiwa na zaidi ya kilomita 85 miguuni. Hapo watu wa mtaa wanajaa pande zote za barabara wakipiga kelele na kumwita kila anayepita. Mwalimu alishuka kwenye baiskeli akasukuma, nasi wote tukashuka tukasukuma naye. Katika picha zote za safari ile, hiyo ya watu wanne wanasukuma baiskeli ndiyo tuliyoichapisha kubwa na kuiweka ukutani kwenye ofisi ya shule yake.

Kwa milima, chukueni wikiendi moja mwende Mombo, mpande mpaka Lushoto. Ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda. Akifika juu kwa mwendo wake, Suikerbossie haitamsumbua. Pugu na Kisarawe zitamtosha kwa wiki za kawaida.

Na mwambie shemeji, kwa kuwa kanyamaza, kwamba mbio hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya wenye kasi. Zilitokana na harakati za kudai njia za baiskeli, na mwaka 1978 watu mia kadhaa wakaendesha kuzunguka rasi ile. Yalikuwa madai kwa serikali, yakakua yakawa hiki mnachokiona. Kila nikikumbuka hilo nawaza UWABA, wapanda baiskeli wa hapo kwenu Dar, ambao wamelilia njia za baiskeli miaka mingi, na njia zile zilizokuja pamoja na mwendokasi. Mtu mwenye miaka 51 anayeendesha kwa ajili ya afya yake ana haki kamili ya barabara ile.

Ila kwa suala la sukari, daktari wake ajue kuhusu safari mapema, na dawa asafiri nazo mkononi. Kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege zisiwekwe.

---

Wa_Likoni

Asalaam aleikum ndugu yangu, na salaam kwa Mama Gia, amesema maneno ya maana.

Mimi ni wa Mombasa, nitajibu la Ramadhani na la kufunga baiskeli, mengine sina la kuongeza.

Mbio huwa Jumapili ya pili ya Machi. Mwaka 2025 na 2026 ziliangukia ndani ya mwezi mtukufu. Hiyo 2027, mwezi ukiandama inavyotarajiwa, Idi itakuwa tarehe 9 au 10 Machi, na Jumapili ya pili ni tarehe 14. Basi rafiki yako atafunga, atasherehekea na watu wake ikiwa mtaondoka mara tu baada ya Idi, na siku ya mbio atakula na kunywa kama kawaida. Tiketi za ndege zipangeni kwa kumfikiria yeye. Msimwekee safari ya tarehe 9 asubuhi halafu mseme "utaswali huko huko".

Shida yake itakuwa mazoezi, maana wiki zile za mwisho zenye kilomita nyingi zote zitakuwa za kufunga. Kwetu tunafanya hivi: mazoezi marefu na mazito yote yanamalizika Shaabani. Ramadhani ni ya kulinda kilichopatikana. Tunatoka baada ya tarawehe, taa mbele na nyuma, saa moja au saa moja na nusu, tunarudi kula na kunywa maji mengi mpaka daku. Wengine wanatoka dakika arobaini kabla ya magharibi wakijua futari iko karibu. Mchana wa jua la pwani tusidanganyane, si wakati wa kutafuta sifa. Mkiwa kundi, Jumamosi yenu ya alfajiri ihamisheni usiku kwa mwezi huo ili asibaki peke yake.

Chakula cha halali Cape Town hakisumbui. Bo-Kaap iko pale pale mjini, msikiti wa Auwal upo tangu 1794.

Sasa baiskeli. Nendeni nazo zenu. Mwili umezoea siti yake na usukani wake, na kilomita 109 juu ya baiskeli ngeni ni adhabu ya mgongo. Duka la baiskeli mpya mtaani kwenu huwa na maboksi ya katoni wanayoyatupa, waombeni mapema wawawekee matano. Fundi wenu awafundishe kufunga na kufungua ninyi wenyewe, kwa sababu kule hamtakuwa naye. Toeni pedeli, na kumbukeni ya kushoto hufunguka kinyume, unaizungusha kulia. Usukani ugeuzwe ulale ubavuni mwa fremu. Kile kipande cha nyuma kinachohamisha mnyororo kifunguliwe kabisa, kivishwe kitambaa, kifungwe ndani ya fremu, maana hicho ndicho kinachopinda wakitupa boksi. Kishikio chake bebeni cha akiba, kila fremu ina cha aina yake na kule huwezi kukipata siku ya Jumamosi. Kama breki ni za diski, wekeni kipande cha katoni kati ya pedi na msiguse mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Tairi punguzeni upepo. Mashimo ya boksi yajazeni nguo, si magazeti, nguo zina kazi mkifika.

Vile vichupa vya gesi vya kujazia tairi viacheni nyumbani, pampu ya mkono inatosha. Betri za akiba zote ziwe kwenye begi la mkononi.

Na risiti. Kabla ya kuondoka, kila mtu awe na risiti ya baiskeli yake na namba ya fremu, ile iliyogongwa chini karibu na pedeli, na mwaonyeshe watu wa forodha uwanjani mnapotoka. Mkirudi hamtaambiwa mmeingiza baiskeli mpya mkalipie ushuru.

---

MwekaHazina_Mwenge

Asanteni sana. Mama Gia, nimeisoma yote kwa sauti mbele ya mke wangu, na akanyamaza, maana shemeji ni kaka yake.

Wa Likoni, la Idi hatukuwa tumeliona. Tulikuwa tumechagua ndege ya tarehe 8 kwa sababu ni rahisi. Nitaibadilisha.

Bado naomba mtu anieleze upepo na mahali pa kulala. Na makaratasi ya kuingia Afrika Kusini.

---

Mbongo_wa_SeaPoint

Mkuu, mimi ni mtu wa Tanga, naishi hapa Cape Town, na kila Machi nasimama barabarani kuangalia hizo baiskeli.

Makaratasi kwanza kwa kifupi. Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya mpaka siku 90. Wakenya nao tangu Januari 2023. Pasipoti iwe na angalau siku 30 mbele ya tarehe ya kuondoka huku, na kurasa mbili tupu. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, beba hata usipoulizwa, na kama mnapitia nchi nyingine itafaa zaidi. Asiyechanjwa achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Mkipita Johannesburg, jueni kwamba uhamiaji na mizigo vinamalizwa hapo hapo. Mtachukua maboksi yenu, mtapita forodha, mtayakabidhi tena kwa ndege ya ndani. Msikate tiketi zenye nafasi ya saa moja katikati. Maboksi matano ya baiskeli hayakimbii.

Upepo. Tunaita wa kusini-mashariki, na unapoamka unaweza kukaa siku kadhaa. Mwaka 2017 mbio zilifutwa asubuhi ile ile, watu wamekwisha kufika, kwa sababu upepo ulikuwa unazirusha baiskeli mikononi mwa wenyewe. Mwaka 2015 moto wa milimani uliunguza rasi na njia ikakatwa ikabaki kilomita 47. Nawaambia haya mapema ili kwenye mfuko wenu mjue kwamba safari inaweza kufika na mbio zisiwepo, na watu wawe radhi na safari yenyewe.

Siku ya kawaida upepo huo unawapiga usoni mnapoelekea kusini, kuanzia Muizenberg, Kalk Bay, Fish Hoek mpaka Simon's Town. Hapo ndipo shemeji anatakiwa afichwe kama Mama Gia alivyoeleza. Mkishageuka karibu na lango la hifadhi ya Cape Point na kushika upande wa Atlantiki, Scarborough na Kommetjie, unaanza kuwasukuma mgongoni. Mtu aliyemaliza nguvu zake zote nusu ya kwanza anakosa kuifaidi nusu ya pili, na ndiyo nusu nzuri. Hatari ni upepo wa ubavuni unaotoka kwa ghafla kwenye mapengo ya milima. Yeyote mwenye rimu zile pana aje na za kawaida. Mikono miwili kwenye usukani mkishuka, na msigusane magurudumu.

Hapo Dar tumieni barabara ya Bagamoyo wakati wa kusi, mchana upepo ukiwa umeamka. Msiukimbie kwa kutoka alfajiri tu. Siku mojamoja tokeni saa 9 alasiri kwa makusudi, mjifunze kupokezana.

Kulala: tafuteni Green Point, Sea Point au katikati ya mji. Mwanzo uko mjini na mwisho uko Green Point, kwa hiyo mnaendesha baiskeli kwenda na kurudi bila gari. Barabara zinafungwa usiku bado, mwenye kulala mbali anapata taabu. Fikeni siku tatu kabla. Mkienda kuchukua namba bebeni vitambulisho, na nyuma ya namba andikeni namba ya simu ya mmoja wenu na maradhi mtu aliyonayo. Shemeji aandike sukari kwa herufi kubwa. Alfajiri ya Machi kuna baridi kuliko mnavyoijua Dar, vaeni kikoti cha zamani ambacho mko tayari kukiacha.

Jioni tembeeni wote pamoja, simu mfukoni.

---

MwekaHazina_Mwenge

Narudi na matokeo ya kikao. Tulikaa leo baada ya Bunju.

Wale wawili wamesema ukweli, nami nimewaheshimu kwa hilo. Mmoja anataka muda wake, amekuwa akiutafuta kwa miaka, na ataanza katika kundi atakalopangiwa. Wa pili amesema atashuka kwa shemeji. Jamaa wa Ramadhani na mimi pia. Kwa hiyo ni wanne pamoja na mmoja mbele, na wote wameridhika. Shemeji aliuliza swali moja tu, kama akizidiwa Chapman's Peak tutamwacha. Tukamjibu wote kwa pamoja kwamba hatumwachi. Tiketi ni za tarehe 11, baada ya Idi. Lushoto tunakwenda mwezi ujao.

Mfuko: nimeweka kwamba anayejitoa baada ya tiketi kukatwa anapoteza tiketi yake ila mchango wa nyumba unarudi. Ni sawa?

---

MamaGia_Arusha

Si sawa kaka, kwa nyumba. Nyumba ya watu watano mkiwa wanne bei ni ile ile, wanaobaki ndio watakaoziba pengo. Andikeni kwamba mchango wa nyumba haurudi isipokuwa kwa ugonjwa au msiba, na sahihi ya kila mmoja iwepo, hata ya shemeji na hata yako. Bima ya safari nayo lipeni kutoka mfuko wa pamoja siku hiyo hiyo ya tiketi, asiachiwe mtu kununua mwenyewe.

Na yule anayetangulia mbele mpeni kazi. Akimaliza mapema ndiye wa kushika sehemu mliyopanga kukutana, na maji, na chakula cha shemeji kikiwa tayari.